Kitabu cha Kuanzia

Msikilizaji, anayetaka kuzoea riwaya za safari na maajabu aanze na The Hobbit ya J.R.R. Tolkien, iliyotoka mwaka 1937. Msimulizi humshika msomaji mkono tangu ukurasa wa kwanza. Na ile sura ya pangoni, Bilbo, mhusika mkuu, anapotegeana vitendawili na kiumbe Gollum gizani, na Bilbo akishindwa analiwa, inatosha kumfanya mtoto akatae kulala. Ila vibeti anaosafiri nao Bilbo ni 13, na wengi wao huwatofautishi ila kwa majina na rangi za kofia. Wanawake karibu hawamo. Zaidi ya hayo, joka Smaug anauawa na Bard, mtu tuliyemfahamu punde tu, na Bilbo hayupo hata kushuhudia. Hapo mwandishi alitupunja. Lakini mnunulieni kijana wenu kitabu hiki, mkisome pamoja.