Huruma Isiyomtazama Marehemu: Kuuawa kwa Watu Wenye Ulemavu Mikononi mwa Jamaa na Walezi Wao

Takwimu za mauaji katika nchi nyingi hupangwa kwa umri wa marehemu, jinsia yake na uhusiano wake na mtuhumiwa, lakini ni mara chache sana zinapoonyesha kama marehemu alikuwa na ulemavu. Kwa sababu hiyo kuna vifo ambavyo hubaki vimezama ndani ya hesabu nyingine, navyo ni vifo vya watoto, ndugu na wazee wenye ulemavu waliouawa na watu walewale waliokuwa wakiwalisha, kuwaogesha na kuwapeleka hospitali. Vifo hivyo ndivyo vinavyojadiliwa katika mhadhara huu. Neno mlezi linatumika hapa kwa maana pana, likimjumuisha mzazi, mwenzi wa ndoa, ndugu na hata mfanyakazi anayelipwa ili amhudumie mtu asiyeweza kujihudumia kikamilifu, kwa kuwa wote hao wana mamlaka ya aina moja juu ya mwili wa mwingine, mamlaka ambayo hutumika ndani ya nyumba au kituo, mbali na macho ya majirani. Hoja inayotetewa ni kwamba huruma, ambayo katika maisha ya kila siku ni fadhila, imegeuzwa kuwa utetezi mahakamani na magazetini, na kwamba anayehurumiwa katika utetezi huo ni muuaji, huku marehemu akitajwa kama mzigo tu uliomlemea.

Hoja hiyo haikuzaliwa vyuoni, kwani miongoni mwa watu wa kwanza kuitoa hadharani, kwa ukali na kwa ufasaha, walikuwa watu wenye ulemavu wa mkoa wa Kanagawa nchini Japani. Mwezi Mei 1970, katika jiji la Yokohama, mama mmoja alimnyonga kwa kamba ya aproni binti yake wa miaka 2 aliyekuwa na mtindio wa ubongo, yaani hali inayotokana na ubongo kudhurika kabla ya kuzaliwa, wakati wa kuzaliwa au muda mfupi baadaye, ambayo huathiri udhibiti wa misuli, mwendo na mara nyingi usemi, bila ya lazima kuigusa akili. Magazeti yaliliandika tukio hilo kama msiba uliosababishwa na uhaba wa vituo vya kulelea watoto wa aina hiyo, majirani wakakusanya saini kuomba mama apunguziwe adhabu, na chama cha wazazi wa watoto wenye ulemavu kikawaandikia watawala kwamba mkosaji halisi ni jamii iliyomnyima mama huyo msaada. Kila mmoja alizungumza kwa nia njema, na katika maneno yao yote mtoto mwenyewe hakuonekana.

Waliomwona ni wanachama wa Aoi Shiba no Kai, chama kilichoanzishwa mwaka 1957 na watu wenye mtindio wa ubongo, ambao tawi lao la Kanagawa liliongozwa na watu kama Yokota Hiroshi na Yokozuka Koichi. Hao walipeleka maoni yao kwa wahusika wa kesi wakitaka iendeshwe kama kesi nyingine yoyote ya mauaji, na swali lao lilikuwa jepesi kulielewa ingawa lilikuwa gumu kulijibu: kama mtoto yule angekuwa anatembea na kusema, ni nani angezunguka mtaani akimkusanyia mama yake saini? Ikiwa msamaha unatolewa kwa sababu ya jinsi marehemu alivyokuwa, basi kila mwenye mwili unaofanana na wa marehemu anaishi kwa ruhusa tu, na ruhusa hiyo inaweza kuondolewa siku yoyote na mtu anayempenda. Haikuwa kiu ya kuona mama akiteseka gerezani, maana wanachama hao walijua vizuri kuliko waandishi wa magazeti jinsi nyumba zao zilivyoachwa bila msaada. Walichokitaka ni kitendo kiitwe kwa jina lake. Hukumu iliyotolewa mwaka 1971 ilikuwa kifungo cha miaka 2 kilichoahirishwa kwa miaka 3, kwa hiyo mama hakukaa gerezani.

Mwaka huohuo wa mauaji, Yokota aliandika misingi ya mwenendo wa chama chake, na mojawapo ya misingi hiyo iliwashtua wengi kwa kutangaza kuukataa upendo na kuikataa haki. Msomaji wa haraka huweza kudhani kwamba hayo ni maneno ya watu waliokata tamaa, lakini kilichokataliwa ni upendo wa namna mahususi, ule unaomwamulia mtoto kwamba maisha yake hayana thamani ya kuishi, kisha ukajiita sadaka. Na haki iliyokataliwa ni ile ya walio wengi, ambao hujipa uwezo wa kupima maisha wasiyoyaishi. Yokozuka naye alichapisha mwaka 1975 kitabu ambacho jina lake ni amri kwa mama asiue. Kundi hilohilo lilipinga muswada wa mwaka 1972 wa kurekebisha sheria ya Japani ya mwaka 1948 iliyohusu kile kilichoitwa ulinzi wa kizazi bora, muswada ambao kifungu chake kimoja kingeruhusu mimba kutolewa kwa sababu ya ulemavu wa kijusi, na kifungu hicho hakikupita. Sheria yenyewe, ambayo chini yake watu wapatao 25,000 walifungwa uzazi, wengi wao bila ridhaa yao, iliendelea hadi mwaka 1996, na ni tarehe 3 Julai 2024 tu ndipo Mahakama ya Juu ya Japani ilipotamka kwamba ilikiuka katiba. Wanachama wa Kanagawa walikuwa wameona mapema kwamba mkono wa mama uliofunga kamba na mkono wa serikali ulioandika sheria uliongozwa na hukumu moja.

Kesi ya pili inastahili kuangaliwa kwa karibu kwa kuwa mahakama ililazimika kuipima huruma hiyo kwa vigezo vya sheria. Tarehe 24 Oktoba 1993, katika jimbo la Saskatchewan nchini Kanada, mkulima Robert Latimer alimweka binti yake Tracy, mwenye umri wa miaka 12 na mtindio mkali wa ubongo, ndani ya gari lake, akaelekeza humo moshi wa injini na kumwua kwa hewa ya sumu ya kaboni monoksidi wakati wengine wa familia wakiwa kanisani. Kwanza alisema mtoto amefia usingizini, kisha uchunguzi wa maiti ulipoonyesha sumu, akakiri. Tracy alikuwa na maumivu makubwa, kifafa cha kila siku na upasuaji wa nyonga uliopangwa kufanyika mwezi uliofuata, na hakuna mwenye haki ya kuyapuuza hayo. Lakini kumbukumbu za mahakama zina mambo mengine ambayo magazeti hayakuyapenda sana: kwamba alikwenda shule, alifurahia muziki na moto wa kuota nje, aliwatambua watu wa nyumbani kwao, na alicheka.

Utetezi uliotolewa ulikuwa ule wanasheria wanaouita utetezi wa ulazima, maana yake kwamba mtu aliivunja sheria kwa kukosa njia nyingine ya kuepuka hatari kubwa iliyokuwa mlangoni. Katika uamuzi wa tarehe 18 Januari 2001, Mahakama ya Juu ya Kanada ilieleza kwamba utetezi huo unadai mambo matatu, yaani hatari iliyo karibu sana, kukosekana kwa njia halali inayoweza kufuatwa, na uwiano kati ya dhara lililotendwa na lile lililoepukwa, kisha ikaona kwamba Latimer hakuwa na hata moja kati ya hayo. Mrija wa kulishia ungeweza kurahisisha kumpa mtoto dawa za kutuliza maumivu, na siku chache kabla ya kifo chake familia ilikuwa imepewa nafasi ya kumpeleka katika nyumba ya malezi, nafasi ambayo haikukubaliwa. Kabla ya hapo jaji aliyeisikiliza kesi hiyo iliporudiwa, mwaka 1997, alikuwa amemwondolea Latimer adhabu ya chini iliyowekwa na sheria na kumpa mwaka 1 wa kifungo na mwaka 1 wa uangalizi, akiamini kwamba kosa lake lilikuwa la namna ya peke yake. Mahakama ya rufaa ya jimbo iliirudisha adhabu ya kifungo cha maisha bila uwezekano wa kuachiliwa kwa masharti hadi ipite miaka 10, na Mahakama ya Juu ikaithibitisha. Uamuzi huo ulikuwa sahihi, na usahihi wake hautokani na ukali wa adhabu. Unatokana na kwamba mahakama ilikataa kuandika katika sheria ya nchi kwamba mauaji ya mtoto wa aina fulani ni mauaji ya daraja la chini. Vyama vya watu wenye ulemavu, vilivyoruhusiwa kutoa hoja katika kesi hiyo, viliomba jambo hilohilo.

Wapo wanaosema kwamba ugumu wa ulezi unatosha kueleza mauaji haya. Ugumu huo ni wa kweli: usingizi unaokatika kila usiku kwa miaka, dawa za kifafa zisizopatikana, mume aliyeondoka, mgongo wa mama unaouma kwa kumbeba kijana wa kilo 40. Hata hivyo maelezo hayo hayaelezi jambo kubwa kuliko yote, kwamba walezi wengi mno walio katika dhiki hiyohiyo, na pengine kubwa zaidi, hawaui. Kinachoongezeka juu ya dhiki ni ile ruhusa ambayo jamii imeitoa kabla ya tukio, kwa kumwambia mlezi kwamba yeyote mwenye moyo angemwelewa. Ukosefu wa msaada ni sababu ya kuishitaki serikali na kuidai bajeti. Ukigeuzwa kuwa sababu ya kupunguza uzito wa kifo, serikali nayo hupumua, kwa sababu mwenye dai amekufa.

Kwamba ruhusa hiyo haikai kwa wazazi waliochoka peke yao ilidhihirika palepale Kanagawa, katika mji wa Sagamihara, tarehe 26 Julai 2016, pale aliyekuwa mfanyakazi wa kituo cha Tsukui Yamayuri En alipoingia usiku na kisu, akawaua wakazi 19 na kujeruhi watu 26. Huyo hakuwa na uchovu wa miaka wala dhiki ya nyumba, lakini maelezo yake yalikuwa yaleyale, kwamba watu wasioweza kuwasiliana ni huzuni kwa familia zao na gharama kwa nchi. Polisi hawakutangaza majina ya waliouawa, wakisema familia zimeomba hivyo, na kesi ilipoanza Yokohama mwaka 2020 wengi wa marehemu walitajwa mahakamani kwa herufi. Mama mmoja alikataa, akatoa hadharani jina la kwanza la binti yake ili ajulikane kwamba aliishi. Muuaji alihukumiwa kifo, jina lake likajulikana dunia nzima. Nchini Marekani, tangu mwaka 2012, watu wenye ulemavu hukusanyika kila tarehe 1 Machi na kusoma kwa sauti majina ya waliouawa na jamaa na walezi wao, na uzito wa desturi hiyo hueleweka zaidi mbele ya orodha ya herufi ya Yokohama.

Afrika Mashariki haiko nje ya habari hii. Ripoti ya shirika la Disability Rights International ya mwaka 2018 kuhusu Kenya ilieleza kwamba karibu nusu ya akina mama wa watoto wenye ulemavu waliohojiwa jijini Nairobi walisema wamewahi kushinikizwa kuwaua watoto wao, na mashinikizo hayo hutoka kwa mama mkwe, kwa jamaa, kwa jirani anayesema mtoto ni mkosi au laana ya ukoo. Mtoto wa namna hiyo akifa, hata kwa njaa ya makusudi au kwa dawa ambayo hakupewa, huzikwa upesi, na waombolezaji huambiana kwamba amepumzika, na mama yake naye amepumzika. Nchini Tanzania mauaji ya watu wenye ualbino yana chanzo tofauti, yaani biashara ya viungo na imani za kishirikina, lakini ndani yake pia kuna mkono wa nyumbani: Machi 2015 watu 4 walihukumiwa kifo kwa kumwua mwanamke mwenye ualbino mwaka 2008, na mmoja wao alikuwa mume wake.

Sheria za Kenya na Tanzania, zilizorithi mkondo wa Kiingereza, zina kosa la mama kumwua mtoto wake wa chini ya miezi 12 wakati akili yake imevurugika kutokana na uzazi au kunyonyesha, kosa linaloadhibiwa kama kuua bila kukusudia. Kanuni hiyo ni ya haki inapobaki mahali pake, kwa sababu inauliza habari za akili ya mama na haiulizi chochote kuhusu mwili wa mtoto. Hatari huja pale wakili, daktari au ofisa wa polisi anapoingiza kimyakimya ulemavu wa mtoto miongoni mwa sababu za nafuu, au jalada linapofungwa kwa makubaliano ya wazee wa ukoo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2009, unalinda uhai katika ibara ya 10 na unadai ulinzi dhidi ya ukatili, hata ule wa ndani ya nyumba, katika ibara ya 16. Ahadi hizo zinawabana mahakimu na maofisa wa nchi hizi leo.

Polisi wanapaswa kuandika ulemavu wa marehemu katika jalada na kuchunguza kifo chake kama wanavyochunguza kifo cha mtu mwingine yeyote. Waandishi wa habari waanze na umri wa aliyeuawa, shule yake na vitu alivyovipenda, kabla hawajafika kwenye machozi ya aliyemwua. Na ofisi za ustawi wa jamii zifike katika nyumba hizo siku ile mama anapoambiwa kwa mara ya kwanza kwamba mtoto huyu angekuwa afadhali afe, zikiwa na dawa, fedha na mtu wa kumpokea mtoto kwa saa chache ili mama alale.