Mkanda wa Jeshi na Maradhi ya Kusahau

Virusi vya tetekuwanga, ambavyo ni vya ukoo wa herpesi, haviondoki mwilini upele ukaukapo, bali hujificha katika mishipa ya fahamu miaka mingi, hata uzeeni, kinga ipungukapo, vikazuka tena kwa jina la mkanda wa jeshi: malengelenge yaliyoandamana upande mmoja wa mbavu, ambayo hata mguso wa shuka ni adhabu. Huko Wales, chanjo yake ilipoanza Septemba 2013, waliozaliwa kabla ya tarehe 2 Septemba 1933 hawakustahiki, na hivyo watafiti wakapata makundi mawili ya kulinganisha. Katika miaka 7, waliochanjwa walipatwa na maradhi ya kusahau, Alzheimer miongoni mwayo, pungufu kwa takriban asilimia 20 kuliko wasiochanjwa. Sababu yake ingali ikichunguzwa, lakini naiona habari hii kuwa faraja adhimu kwa kila amlishaye mama asiyelikumbuka tena jina la mwanawe.