Kusoma Huanza Nyumbani



Tangu mwaka 2003 karo ya shule za msingi za serikali imeondolewa. Hata hivyo wako miongoni mwetu wadhanio kwamba kusoma huanza siku mtoto aingiapo darasani. Sivyo. Mzee asemapo "Kitendawili!" na mtoto akaitikia "Tega!", mtoto huyo amekwisha kuanza kujifunza kusikiliza neno na kulipima.

Kiswahili nacho chatusaidia, kwa kuwa silabi zake husikika wazi. Mtoto na ayapigie maneno makofi: ku-ku, mawili, ki-ta-bu, matatu. Aizoeaye silabi kwa sikio haitampa taabu aionapo ubaoni. Kisha aandike kwa kidole mchangani herufi ya kwanza ya jina lake, na aitafute katika pakiti ya majani ya chai.

Vitendawili na makofi havina gharama, wala havimhitaji mzee ajuaye kusoma. Lakini tukimwambia mtoto "Nyamaza!" kila aulizapo, tutampelekea mwalimu mtoto aliyefungwa kinywa, kisha tumlaumu mwalimu.

Basi twawasihi: kila jioni, kabla ya kulala, mtegeeni mtoto walau kitendawili kimoja.