Mtoto Hana Pa Kutokea: Moshi wa Sigara Ndani ya Nyumba Zetu

(Mada iliyotolewa na Afisa Habari wa Halmashauri katika mkutano wa wananchi wa kata)



Nimepewa nafasi hii nizungumzie moshi wa sigara na afya ya watoto wadogo. Natambua mahali ninaposimama. Huu ni mkoa wa Tabora. Tumbaku imeezeka bati nyumba nyingi katika vijiji hivi, imelipa ada za shule, na ushuru wa zao hilo huingia katika mfuko wa Halmashauri ileile iliyonituma kwenu. Kwa hiyo sikuja kumsuta mkulima, wala kumwaibisha mzee anayevuta. Nimekuja kumsemea mtu mmoja ambaye hana nafasi ya kusimama hapa na kutoa hoja, naye ni mtoto aliyelala chumbani wakati mkubwa wake anawasha sigara.

Mtu mzima huvuta, mtoto huvutishwa. Mtu mzima asiyependa moshi huinuka, akachukua kigoda chake na kuketi uani. Mtoto wa miezi minne hawezi kufanya hivyo. Yuko mgongoni au kitandani, na hewa iliyomo chumbani ndiyo hewa yake. Tena huivuta mara nyingi kuliko sisi. Mtu mzima aliyetulia hupumua kama mara 12 hadi 20 kwa dakika. Mtoto mchanga hupumua mara 30 hadi 60. Mapafu yake bado yanakua na njia zake za hewa ni nyembamba, hivyo uvimbe mdogo ambao kwetu ni kikohozi cha siku mbili, kwake waweza kuwa safari ya usiku kwenda zahanati.

Moshi unaojaa chumbani hutoka sehemu mbili. Upo ule anaoutoa mvutaji kinywani, na upo ule unaopanda kutoka kwenye ncha inayowaka wakati sigara imeshikwa tu mkononi. Huu wa pili haujapita kwenye kichujio chochote, nao ndio mwingi. Ndani ya moshi wa tumbaku kuna kemikali zaidi ya 7,000, na takriban 70 kati ya hizo zinafahamika kuwa husababisha saratani. Sehemu kubwa ya moshi huo haionekani kwa macho. Ndiyo maana baba anaweza kusema kwa nia njema kabisa kwamba moshi umekwisha, kumbe umekwisha kuonekana tu. Unaweza kubaki chumbani kwa saa kadhaa hata dirisha likiwa wazi.

Elimu hii haikuanza jana. Mwaka 1981 mtafiti wa Japani, Takeshi Hirayama, alitangaza matokeo ya kuwafuatilia kwa miaka 14 wanawake zaidi ya 90,000 ambao wao wenyewe hawakuvuta. Wale ambao waume zao walivuta sana walipatwa na saratani ya mapafu kuliko wale ambao waume zao hawakuvuta. Watu wengi walibisha, na kampuni za sigara zilibisha kwa nguvu zaidi. Leo ubishi huo umekwisha. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba zaidi ya watu milioni moja wasiovuta hufa kila mwaka duniani kutokana na moshi wa wengine.

Kwa watoto, madhara hayasubiri uzee. Mtoto anayevutishwa hupata nimonia na mkamba kwa urahisi zaidi, na mwenye pumu hubanwa mara kwa mara. Mtoto mchanga huwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa ghafla usingizini. Mama mjamzito anayeishi ndani ya moshi anaweza kujifungua mtoto mwenye uzito pungufu. Lipo pia sikio. Mrija unaounganisha koo na sikio la kati huvimba kwa moshi, maji hukwama, na baadaye usaha hutoka. Mara nyingi tunayalaumu maji ya kuogea, tena ni mama anayeogesha ndiye anayelaumiwa. Nawaomba akina baba, kabla ya kumlaumu mama, tutazame kwanza kopo la majivu lililo chini ya kitanda.

Wapo watakaouliza, mbona jiko la kuni nalo linafuka kila siku? Swali hilo ni la haki. Moshi wa kuni nao huumiza mapafu ya mtoto, na ni vyema asikae jikoni wakati wa kupika. Lakini jiko linatupa ugali, na hatujaweza sote kuliacha. Sigara ya chumbani inaongeza mzigo juu ya mzigo, na kuihamishia nje hakugharimu hata senti moja.

Sheria ya Bidhaa za Tumbaku ya mwaka 2003 inadhibiti uvutaji katika maeneo ya umma na inakataza kumuuzia sigara mtu aliye chini ya miaka 18. Wenye maduka wanaielewa vizuri, na wazazi wanaoendelea kumtuma mtoto “sigara moja kwa Mangi”, kisha wakamwambia aiwashe kwa kaa la jikoni, nadhani nao wanaielewa. Hata hivyo, sheria haiwezi kulala nasi chumbani. Hapo mlinzi ni mwenye nyumba.

Jambo gumu kuliko yote, kwa maoni yangu, ni heshima. Mkamwana atamwambiaje baba mkwe azime sigara? Mpangaji atamwambiaje mwenye nyumba? Tusimtwishe mama mwenye mtoto mchanga mzigo huo. Aseme baba wa mtoto, naye aseme mapema kabla sigara haijawashwa. Wekeni vigoda viwili na kopo la majivu chini ya mwembe, mbali na milango na madirisha, pawe ndipo mahali pa kuvutia katika kaya. Mgeni anayepelekewa kigoda kivulini hajafukuzwa, amekaribishwa. Na mvutaji akirudi ndani, anawe mikono na kubadili shati kabla ya kumpakata mtoto, maana mabaki ya moshi hukaa kwenye nguo, mito na vyandarua.

Kwenye nyumba za kupanga ugumu unazidi. Vyumba vyetu vingi havina dari, na kuta haziendi hadi kwenye bati. Sigara ya chumba cha kwanza inavutwa na mtoto wa chumba cha nne. Hapo kaya moja haitoshi; wapangaji wakubaliane kwamba ndani ya nyumba nzima hapavutwi, hata usiku wa mvua. Baraza lina paa.

Yapo matokeo ya kutia moyo. Mwezi Machi 2006 Uskoti ilipiga marufuku kuvuta ndani ya majengo ya umma na sehemu za kazi. Kabla ya hapo idadi ya watoto waliolazwa kwa pumu ilikuwa ikipanda kwa wastani wa asilimia 5 kwa mwaka. Baada ya hapo ilishuka kwa wastani wa asilimia 18 kwa mwaka. Walikuwepo waliohofu kwamba wavutaji wangehamishia moshi majumbani. Takwimu za watoto hao hazikuonyesha hivyo.

Nasi tunao uwezo wetu. Halmashauri ya Kijiji inaweza kupendekeza sheria ndogo kuhusu uvutaji katika mikutano, magulio na viwanja vya zahanati, ikazipitisha kwenye Mkutano Mkuu wa Kijiji, kisha zikaletwa Halmashauri ya Wilaya kuidhinishwa. Anayetaka kuacha kuvuta aende zahanati bila kuona haya. Nikotini hushika, na kushindwa mara ya kwanza ni kawaida.

Mwisho, mtoto wa chini ya miezi miwili akipumua mara 60 au zaidi kwa dakika, wa miezi 2 hadi 11 mara 50 au zaidi, wa mwaka mmoja hadi mitano mara 40 au zaidi, au kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi, apelekwe zahanati saa hiyohiyo. Mhesabu akiwa ametulia, halii, kwa dakika nzima.

Ndugu Mwenyekiti, muuguzi wa zahanati yuko hapa nasi. Naomba sasa apewe nafasi ajibu maswali, na maswali ya wanaovuta yatangulie.