Spana ya Kufungulia Sensa ya Oksijeni

Leo tuko chini ya gari, kwenye bomba la ekzosi, tunaitazama sensa ya oksijeni: kitu kidogo kilichofungwa kwenye bomba, chenye kichwa cha nati na mkia wa waya. Nitasema machache kuhusu kazi yake, halafu nitakaa sana kwenye jambo linalowaponza wenye magari na mafundi pia, yaani kifaa cha kuifungulia. Sensa mpya ukiitafuta Kariakoo, au barabara ya Kirinyaga kule Nairobi, utaipata. Kazi huharibikia kwenye kuitoa ile ya zamani, baada ya miaka mingi ya joto na kutu, kwa spana iliyookotwa tu kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu.

Kazi yake kwanza. Ncha ya sensa imeingia ndani ya bomba na inapitiwa na moshi wakati wote. Ndani yake mna kauri ya zirkonia. Kauri hiyo ikishapata joto la kutosha, nyuzi 300 na zaidi za Selsiasi, huzalisha umeme mdogo kutokana na tofauti ya oksijeni iliyomo kwenye moshi na ile ya hewa ya nje. Petroli ikizidi, sensa hutoa kama volti 0.9, hewa ikizidi, inashuka hadi karibu 0.1. Kompyuta ya gari husoma panda-shuka hiyo, ikaongeza au kupunguza petroli, ikitafuta uwiano wa kilo 14.7 za hewa kwa kila kilo moja ya petroli. Kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilianza kuitoa kiwandani mwaka 1976, na magari ya kwanza kuwa nayo yalikuwa Volvo zilizopelekwa jimbo la California, Marekani, ambako sheria za moshi zilikuwa zimekaza. Huku kwetu sensa hizi ziliteseka sana enzi za petroli yenye risasi, kwa sababu risasi huziua pamoja na masega ya ekzosi yanayosafisha moshi. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana na petroli hiyo mwanzoni mwa 2006, na tangu hapo sensa inaweza kuishi umri wake.

Gari nyingi ndogo tunazoagiza Japani zina sensa mbili: moja kabla ya masega, ambayo ndiyo inayoongoza mchanganyiko wa petroli, na nyingine baada ya masega, ambayo kazi yake hasa ni kuangalia kama masega bado yanasafisha moshi. Taa ya cheki injini ikiwaka, mashine ya kupimia itakuambia ni ipi, kwa msimbo. P0135 inasema kipasha joto cha sensa ya mbele kina hitilafu. P0141 ni kipasha joto cha ile ya nyuma. Lakini ukikuta P0171, tulia kidogo, kwa maana hiyo inasema hewa imezidi, na mara nyingi sensa inasema kweli: pana mpira umepasuka mahali, hewa inaingia bila kupimwa. Inaniuma kuona sensa nzima inatupwa kwa kosa la kuripoti ugonjwa wa sehemu nyingine.

Tuseme basi umehakikisha sensa imekufa. Utaifungua na nini?

Kwa sensa nyingi kichwa cha nati ni milimita 22, na thredi zake ni M18 kwa hatua ya 1.5. Ukikuta kifaa kilichoandikwa inchi 7/8, kinaingia, kwa sababu inchi 7/8 ni milimita 22.2. Baadhi ya Toyota za zamani zina sensa ya aina nyingine kabisa: haizungushwi, imekaa juu ya bamba dogo lililobanwa kwa nati mbili. Hiyo unaifungua kwa soketi ya kawaida inayoenea nati zake, na hatari yake ni kukata zile bolti ndogo. Kwa hiyo kabla hujatoa fedha kununua kifaa chochote, inama chini ya gari ukiwa na tochi, uitazame sensa yako.

Utakapoitazama utaona tatizo lenyewe liko wapi. Saizi 22 si siri, kila gereji ina spana ya saizi hiyo. Tatizo ni waya. Soketi ya kawaida haiwezi kuvishwa juu ya nati, maana waya unatokea kichwani, na mwisho wa waya kuna konekta pana isiyopita kwenye tundu. Ndiyo maana ikatengenezwa soketi maalumu ya sensa, yenye ufa ubavuni wa kupitishia waya. Zipo za aina tatu na hazibadilishani kazi kirahisi. Ipo ndefu, ambayo racheti inaingia kwa juu. Hiyo inahitaji nafasi ya kutosha juu ya sensa. Ipo fupi, ambayo tundu la racheti liko pembeni, kwa sehemu ambazo juu ya sensa pamebanwa na bodi au na mpira wa maji. Na ipo ile bapa yenye mdomo wazi mithili ya mguu wa kunguru, inayovishwa kwa ubavu na kuzungushwa kwa mkono mrefu wa racheti.

Chukua mfano wa Toyota Harrier ya zamani, ile ya silinda sita ya lita 3.0, injini 1MZ. Injini imelazwa kwa upana wa gari, kwa hiyo upande mmoja wa silinda uko mbele karibu na rejeta, na mwingine uko nyuma, umeegemea ukuta wa kabini. Mashine ikisema benki ya kwanza, maana yake ni upande wenye silinda namba moja, na kwa injini hii ni ule wa nyuma, usiofikika kwa urahisi. Fundi aliyezoea kuanza na kinachoonekana hufungua sensa ya mbele, anaweka mpya, na taa inawaka vilevile. Hata akijua upande sahihi, soketi ndefu huenda isisimame pale. Ile yenye tundu pembeni ndiyo ya kujaribu, pamoja na ekstensheni ndefu na mkono wenye subira.

Sasa nikuambie jambo ambalo wauzaji wa vifaa hawalisemi. Ule ufa wa soketi ndio udhaifu wake. Sensa iliyoshika kutu inahitaji nguvu nyingi, na soketi yenye ufa inapobanwa kwa nguvu hupanuka. Ikipanuka kidogo tu, kona za nati zinaanza kulika, na nati ikishalika, kila kifaa kinachofuata kina kazi ngumu zaidi. Kwa hiyo ukinunua, nunua yenye kuta nene na tundu la racheti la nusu inchi. Nenda dukani na sensa mpya mkononi, ivishe soketi palepale kaunta. Ikicheza kwenye nati, irudishe. Ufa ukiwa mwembamba kiasi cha kubana waya, irudishe pia.

Spana ya mdomo wazi inashika kona mbili tu kati ya sita. Kwa sensa iliyofungwa juzi inatosha. Kwa iliyokaa miaka kumi, ni kuiharibu. Na spana malaya, kama mafundi wanavyoiita ile ya kurekebisha mdomo, naomba ibaki kwenye boksi. Taya zake hulegea kidogo kila unapokaza mkono, na kwenye nati ya ekzosi ulegevu huo unatosha kuimaliza.

Kifaa kinachoshika vizuri kuliko vyote ni cha kawaida kabisa: spana ya ringi ya 22 au soketi ndefu ya kona sita, isiyo na ufa wowote. Ili ivae, inabidi ukate waya wa sensa ya zamani. Wengi wanaogopa kukata, na woga wao una sababu, maana ukishakata hakuna kurudi nyuma. Basi kata ukiwa na uhakika wa mambo mawili. Sensa imepimwa na kuthibitika kuwa mbovu. Sensa mpya iko mkononi, konekta yake umeilinganisha na ya gari na zinaingiana, idadi ya waya ni ileile. Mambo yakiwa hivyo, chukua koleo, chomoa konekta, kata waya karibu na kichwa, vika soketi yako nzima, na nguvu yote uliyo nayo itafika kwenye kona zote sita. Mimi naona hii ndiyo njia bora kwa sensa iliyogoma, na naishangaa gereji inayopoteza nusu siku kuulinda waya wa sensa inayokwenda jalalani.

Kabla ya kuzungusha, pulizia mafuta ya kulegeza kutu pale thredi zinapoingia kwenye bomba. Fanya hivyo jioni, injini ikiwa imepoa, uyaache yalale usiku kucha; mafuta hayo yanawaka, usiyapulizie kwenye ekzosi ya moto. Asubuhi, gari likiwa nje penye hewa, washa injini kwa dakika chache kisha uzime. Joto hutanua chuma na mara nyingi hulegeza mshiko wa kutu. Vaa glavu nzito, bomba hilo linaunguza. Kama unaingia chini, gari likae juu ya stendi imara, kamwe usitegemee jeki peke yake. Na moto wa gesi usiusogeze hapo, kwa maana mabomba ya petroli na ya breki hupita jirani.

Sensa hufunguka kinyume cha saa, ukiitazama kutoka upande wa waya. Nasema hivi kwa sababu ukiwa umelala chali, mkono umepinda nyuma ya injini, ni rahisi kukaza ukidhani unafungua. Ikianza kusogea, usiivute moja kwa moja hadi mwisho. Fungua robo, rudisha kidogo, bomba likishapoa ongeza mafuta, fungua tena. Ukisikia inazidi kukaza kadiri inavyotoka, rudi nyuma; hapo thredi zinataka kuraruka.

Ikishatoka, angalia thredi za kwenye bomba. Zikiwa na masizi au zimelika kidogo, kuna kifaa cha kuzisafisha cha M18 kwa 1.5. Baadhi vina saizi mbili, upande mmoja 14 kwa ajili ya plagi na mwingine 18 kwa ajili ya sensa. Kipake grisi ili kidake vumbi la chuma, kianzishe kwa vidole kikiwa kimenyooka, kisha ukisogeze polepole. Thredi zikiwa zimekwisha kabisa, hapo ni kazi ya mchomeleaji: akate na kuweka nati mpya kwenye bomba.

Sensa mpya ianze kuingia kwa vidole pia. Nyingi zinakuja na grisi ya kuzuia kutu kwenye thredi tayari. Ikiwa haina, paka kidogo kwenye thredi tu, ncha isiguswe na grisi, mafuta wala gundi ya silikoni. Mvuke wa silikoni unatosha kuiua sensa. Kaza kwa nguvu ya nyutonimita 40 hadi 50, isipokuwa kitabu cha gari lako kikisema vingine. Ukitumia ile soketi ya mdomo bapa pamoja na spana ya kupimia nguvu, iweke kwa pembe ya mraba na mkono wa spana. Ikinyooka mbele, utakaza zaidi ya kipimo unachokisoma.

Ukiuziwa sensa isiyo na konekta, ya kuungia waya za zamani, usizichome kwa risasi ya kuchomelea. Sensa nyingi huvuta hewa safi ya kulinganishia kupitia ndani ya waya zake, na risasi huziba njia hiyo. Unga kwa viungo vya kubana, na mpangilio wa rangi uufuate kwenye karatasi iliyokuja na sensa.

Mwisho, rudisha waya kwenye vibanio vyake, mbali na ekzosi na shafti. Washa injini, sikiliza kama pana mvujo wa moshi kwenye sensa, kisha futa msimbo kwa mashine na uendeshe gari. Ikirudi P0135 ileile na sensa ni mpya, kabla ya kwenda kugombana na muuza vipuri, fungua boksi la fyuzi ukaitazame fyuzi ya kipasha joto, kisha pima kama umeme unafika kwenye konekta.