Pubele ya duka haiishie mlangoni
Maneno tuliyosema mbele ya wenye biashara na wafanyakazi wao, Bukavu



Tumekuja kuongea juu ya pubele. Mutu anaweza kusema: inchi iko na vita, barabara zimekufa, na nyinyi munatuletea mambo ya pubele? Ndiyo. Juu hii moja iko mikononi mwetu, na tunailipa kila siku.

Tufuate safari ya sashe moja. Pubele ya resto imejaa toka asubuhi. Anayefagia anaendelea kupanga juu, kifuniko hakifungi tena. Usiku mbwa wanaipindua, alfajiri mvua inanyesha. Bukavu ni mji wa milima, maji hayangojee mutu. Sashe inashuka mu mufereji, inaingia mu mto Kawa, Kawa inaipeleka ziwani. Na ziwa Kivu linatokea wapi? Hapa hapa kwetu, kupitia Ruzizi, kwenye bwawa la Ruzizi I. Pale chupa na sashe zinakusanyika na kuziba mitambo. Wazamiaji wanashuka ndani ya maji kuzitoa. Mitambo ikisimama, umeme unakatika. Halafu yule mwenye resto anawasha jenereta, ananunua mafuta, na kulalamikia delestaji. Kumbe sehemu ya delestaji ilitoka mlangoni mwake.

Wengi wanafikiri dawa ni kununua pubele kubwa. Hapana. Pubele kubwa isiyo na mutu wa kuitoa ni uchafu mwingi mahali pamoja, na harufu yake. Pubele inajaa kupita kiasi juu hakuna siku iliyopatanwa, hakuna saa, hakuna jina la mwenye kuisimamia. Njo maana tunawaomba mufanye hivi:

Kwanza, hesabuni juma moja. Kila jioni andikeni pubele imefika wapi. Mutajua inajaa kwa siku ngapi, na kwamba siku ya soko na siku ya posho si sawa na siku zingine. Bila hesabu hiyo, mkataba na wanaochukua taka ni kubahatisha.

Pili, tenganisheni. Mu resto, kizito ni maganda na mabaki ya chakula. Hayo wafugaji wa nguruwe na wenye mashamba wanayataka: wekeni ndoo yao yenye kifuniko. Chupa za plastiki zikanyagwe, makartoni yakunjuliwe. Mutashangaa vile pubele inabaki na nafasi.

Tatu, chora alama kwenye robo tatu ya pubele. Taka ikifika pale, inatolewa. Musingoje ijae, juu siku ikijaa njo siku kamio haitapita. Na kamio isipopita, muwe na mifuko ya akiba chini ya paa, mbali na mvua.

Nne, jina moja kwa kila siku, limebandikwa ukutani. Kazi ya wote ni kazi ya hakuna mutu.

Sasa neno kwa wapatroni. Tunajua mambo yanayofanyika usiku. Mvua ikianza, sentineli anaambiwa: mwaga mu mufereji, maji yatabeba. Asubuhi tunasema vijana wa mji huu hawana adabu. Lakini nani alitoa amri? Mfanyakazi anayekataa kumwaga taka mu mufereji asifukuzwe. Yeye njo anayefuata sheria. Katiba yetu, kifungu cha 53, inampa kila mutu haki ya mazingira safi, na inampa pia wajibu wa kuyatetea. Na musichome plastiki nyuma ya nyumba: ule moshi unaingia mu kifua cha mtoto wa jirani.

Neno lingine kwa wanaosimamia mji. Hatutaki mutumie maneno yetu kujificha. Mfanyabiashara akifunga taka vizuri, ataipeleka wapi? Raia akilipa kodi, ana haki ya risiti na ana haki ya kujua pesa ilifanya nini. Tunadai mahali halali pa kumwaga taka, siku za kupita zilizotangazwa, na gari linalofika kweli. Tunadai pia sheria itumike: dekreti ya tarehe 30 desemba 2017 ilikataza kutengeneza, kuingiza, kuuza na kutumia sashe za plastiki. Zinaingia wapi kila siku? Kumushika mama muuza ndizi na kuacha zinapoingilia ni kukausha sakafu huku robine iko wazi.

Tusingoje lakini serikali ifunge kifuniko cha pubele yetu. Kudai na kufanya ni miguu miwili ya raia. Mwenye kutumia mmoja anaruka tu, haendi mbali.

Kesho asubuhi, kabla ya kufungua duka, angalia pubele yako. Kama kifuniko hakifungi, kazi ianzie pale. Muulize patroni: nani anaitoa leo, saa ngapi, na inaenda wapi? Maswali matatu tu. Asipokuwa na jibu, tuko tayari kuja kukaa naye na kupanga.

Mji ni wetu, ziwa ni letu, na taka pia ni yetu mpaka ifike mahali pake.

Tusimame, tufanye, tudai!