Ramani ya vijiji vyetu: tuchukue wapi, na tuulize nini kwanza

Maneno ya kamati ya ramani kwenye mkutano wa wanamemba, Baraka



Tuliporudi kutoka Nyarugusu na Lugufu, wengi wetu tulikuta kijiji kimehama. Watu wameshuka kandokando ya barabara, pale pa zamani ni pori. Ukifungua OpenStreetMap, ile ramani ya bure ambayo watu wa kujitolea wanaichora kwenye intaneti tangu 2004, unakuta sehemu nyingi bila jina. Mwenye kupanga kisima ao chanjo akiangalia, anasema: huku hakuna watu. Njo maana vijana wetu walianza kuchora.

Sasa tuseme kosa letu wazi, kwa sababu lilituletea maneno. Tulipata ramani ya zoni ya afya, tukachukua mistari yake, tukaiandika kama mpaka wa udongo wa machifu wawili. Wazee wa pande zote mbili wakaja juu: nani aliwatuma kukata udongo? Walikuwa na haki. Zoni ya afya inagawanywa ili kila kituo kijue watu wake wa kutunza. Haisemi nani anatawala wapi. Na hapa Fizi tunajua sote mpaka unaweza kuleta nini. Ile mistari tuliifuta siku ileile.

Tangu hapo, mbele ya kuchukua ramani yoyote ya serikali, tunauliza maswali 3.

La kwanza: ilitengenezwa kwa kazi gani? Vituo vya afya tunavitafuta kwa watu wa afya. Mipaka ya provensi na teritware tunaiuliza kwa Institut Géographique du Congo ao Référentiel Géographique Commun. Mipaka ya machifu, sisi hatuchori.

La pili: ni ya mwaka gani? Ikiwa na provensi 11, ni ya mbele ya 2015. Leo ziko 26. Ramani ya mbele ya vita itakuonyesha kijiji pale watu walipohama.

La tatu: tuko na ruhusa? Kuona ramani kwenye intaneti si ruhusa ya kuichukua. OpenStreetMap inaruhusu kila mtu kutumia, hata mfanyabiashara. Kwa hiyo ramani iliyoandikwa "si ya biashara" haiwezi kuingia. Tunaomba barua yenye sinyatire. Barua ikifika, tunaongea kwanza na wachoraji wengine wa Congo, hatumwagi tu.

Na hata barua ikiwepo, kazi haijaisha. Kijana anaenda kwa mguu na simu yake, anamuuliza shefu wa lokalite na wamama wanaochota maji: hapa munapaita nani? Jina lao njo linaandikwa.

Kwa wafadhili: feza yenu haiendi kwenye mashine kubwa. Inalipa safari ya kufuata barua, na moto ya kupeleka vijana Lulenge na Ngandja.

Kwa wanamemba: kila mmoja amletee katibu jina la kijiji chake, la zamani na la sasa. Wazee wanaokumbuka majina ya zamani wanazidi kupungua.